Shubiri na Subira: Mmea wa Miiba katika Michoro ya Wapalestina

Nilipoanza kuandika insha hii nilikuwa na jibu kabla ya kuwa na swali. Katika somo letu tulitakiwa kuchagua mmea mmoja unaotumika kama alama ya ustahimilivu katika michoro ya nyakati hizi, tueleze umetoka wapi na umefikaje hapo. Nilichagua dungusi, ule mmea wa miiba ambao baadhi ya watu wa pwani huuita mpungate, na nikaandika kurasa nne kuonyesha kwamba kwa wachoraji wa Kipalestina dungusi ni alama ya matumaini. Mhadhiri alinirudishia kazi yangu ikiwa na swali moja pembeni: matumaini haya umeyaona wapi kwenye mchoro? Nilirudi kuitazama michoro. Niliona miiba, niliona chungu cha maua, niliona mtoto aliyegeuza mgongo. Matumaini nilikuwa nimeyaleta mwenyewe.

Kwa hiyo hapa ninajaribu tena. Hoja yangu sasa ni kwamba katika michoro hii mmea hausemi habari za kesho. Unasema habari za mahali: hapa palikuwa na mpaka, hapa palikuwa na nyumba, na sisi hatujasahau. Huo pia ni ustahimilivu, lakini ni ustahimilivu mchungu.

Nianze na mmea wenyewe, maana wengi wetu tunaruka hatua hii tunapoandika kuhusu alama. Dungusi ya Palestina si ya Palestina kwa asili. Asili yake ni Meksiko. Wahispania waliivusha bahari baada ya safari za Columbus, ikaenea pande zote za Bahari ya Kati. Wakulima wa Palestina waliipenda kwa sababu mbili: tunda lake ni tamu wakati wa kiangazi, na mashina yake bapa, yenye umbo la viganja, yakipandwa kwa mstari hugeuka ua ambao ng'ombe hapiti wala mwizi hapiti. Haihitaji kumwagiliwa. Kiganja kimoja kikianguka chini huota mizizi na kuwa mmea mwingine. Ukiukata, shina lililobaki ardhini linachipua tena.

Sifa hizi za kilimo ndizo zilizogeuka historia. Mwaka 1948, katika vita vya wakati wa kuundwa kwa dola la Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na mamia ya vijiji vyao vikabaki bila watu. Nyumba nyingi zilibomolewa. Ua za dungusi hazikubomoka. Ziliendelea kuota palepale, kwa mistari ileile, zikizunguka viwanja visivyo na kitu. Walid Khalidi na wenzake walipochapisha mwaka 1992 kitabu kikubwa kinachoorodhesha vijiji 418, maelezo ya kijiji baada ya kijiji yanarudia jambo hilihili: mawe yaliyotawanyika, miti michache ya matunda, na dungusi. Kwa mwanahistoria hiyo ni kumbukumbu kamili, sawa na hati. Mmea umehifadhi ramani ya kijiji.

Mtu aliyetoka katika kijiji kimoja cha aina hiyo alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi katika nchi za Kiarabu. Naji al-Ali alizaliwa Galilaya karibu mwaka 1938, katika kijiji kilichoitwa al-Shajara, yaani "mti". Alikuwa na umri wa miaka 10 hivi familia yake ilipokimbilia Lebanoni, katika kambi ya Ain al-Hilweh karibu na mji wa Sidon. Alianza kuchora kwenye kuta, za kambi na za jela. Mwandishi Ghassan Kanafani ndiye aliyeiona michoro hiyo akaichapisha kwa mara ya kwanza gazetini mwaka 1961. Baadaye al-Ali alifanya kazi Kuwait na Beirut, na mwisho London. Alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mistari michache, mara nyingi bila neno hata moja.

Mwaka 1969, katika gazeti moja la Kuwait, alimchora kwa mara ya kwanza mtoto aitwaye Handala. Ni mtoto wa miaka 10, pekupeku, nguo zina viraka. Kuanzia 1973 tunamwona kwa mgongo tu, mikono ameifunga nyuma. Al-Ali alieleza kwamba Handala ana umri aliokuwa nao yeye alipoondoka kwao, na kwamba hatakua mpaka arudi. Hayo yanajulikana, na wanafunzi wengi huishia hapo. Ninachotaka kukitazama mimi ni jina lake.

Handala limetokana na neno la Kiarabu handhal, ambalo ni jina la mmea. Ni mtambaazi wa jangwani, ndugu wa tikitimaji, na tunda lake la mviringo ni dogo kama chungwa. Anayelivunja kwa kiu hujuta, kwa maana uchungu wake unatajwa katika mashairi ya Kiarabu tangu zamani kama uchungu kuliko wote. Mzizi wake unakwenda chini sana, na ukiukata mmea juu unarudi. Al-Ali angeweza kumwita mtoto wake kwa jina la mzeituni au la mchungwa, miti ambayo washairi na wachoraji wenzake waliipenda. Akachagua tunda lisilolika. Hata nywele za mtoto huyo ni mistari iliyosimama kama miiba, na mwenyewe alizifananisha na miiba ya kalunguyeye anayejilinda. Mtoto huyu hakuchorwa ili tumwonee huruma, na wala hatufariji. Amesimama tu, anatazama kile tunachokitazama sisi.

Tarehe 22 Julai 1987 Naji al-Ali alipigwa risasi barabarani London, nje ya ofisi ya gazeti lake. Alifariki tarehe 29 Agosti. Mwaka 2017 polisi wa Uingereza waliomba tena umma uwasaidie kwa taarifa. Handala amebaki na miaka 10, kwenye kuta, kwenye mikufu, kwenye fulana, pengine na watu wasiojua kuwa jina lake ni la tunda chungu.

Hapa niingie kidogo katika lugha, kwa kuwa hiyo ndiyo fani yangu. Mimi ni Mnyarwanda. Kiswahili nilijifunza kwanza nyumbani kwa sababu nitakayoieleza, kisha darasani. Neno "shubiri" nilikutana nalo Dar es Salaam, mama mmoja mwenye mgahawa alipoionja dawa aliyopewa na kusema ni chungu kama shubiri. Nilipolitafuta katika kamusi nikaona ni utomvu wa mmea ule ambao wengine huuita mshubiri, wenye majani manene na miiba pembeni, ambao baadhi ya akina mama huupaka kwenye chuchu ili mtoto aache kunyonya. Neno hilo ni la Kiarabu, na herufi zake tatu za mzizi ni zilezile zilizozaa neno "subira". Katika Kiarabu mzizi mmoja unabeba uvumilivu, unabeba shubiri, na unabeba pia jina la dungusi, ambayo Wapalestina huiita sabr au sabbar. Kwao mtu hawezi kuutaja ua wa miiba bila sikio kusikia uvumilivu ndani yake.

Sisi tuliyapokea maneno mawili tukayatenganisha. Subira tumeipa kheri: yavuta heri, tunasema. Shubiri tumeiachia uchungu peke yake. Sisemi kwamba Waswahili walikosea; lugha huchukua inachohitaji. Lakini ninadhani kosa langu la kwanza lilitokea hapo. Nilikuwa nikiitazama dungusi ya Wapalestina kwa jicho la subira ya Kiswahili, ile inayosubiri kheri ije. Katika ule mzizi wa zamani uchungu haujaondoka.

Anayenisaidia zaidi kulielewa jambo hili ni Asim Abu Shaqra. Alizaliwa mwaka 1961 Umm al-Fahm, mji wa Wapalestina uliobaki ndani ya mipaka ya Israeli. Hakuwahi kuwa mkimbizi. Alikwenda kusoma uchoraji Tel Aviv, na huko, katikati ya miaka ya 1980, akaanza kuchora dungusi na karibu asiache tena: kwa rangi za mafuta, mara nyingi kwenye karatasi, kwa mistari mizito ya haraka. Kinachoshangaza ni kwamba dungusi yake haimo shambani. Imepandwa kwenye chungu cha maua, imewekwa ndani ya chumba au dirishani, peke yake. Mmea uliokuwa ua wa kijiji kizima sasa ni pambo la mpangaji wa mjini. Haufi. Lakini mizizi yake inafika kwenye udongo wa chungu, inaishia hapo.

Wakati anaichora mingi ya michoro hiyo alikuwa akiugua saratani. Alifariki mwaka 1990, hajafikisha miaka 30. Baadhi ya wahakiki wanasoma dungusi hizo kama picha za mwili wake mwenyewe, wengine kama picha za watu wake. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Ninachokiona ni kwamba katika karatasi hizo kuvumilia na kufungiwa vimekuwa kitu kimoja, na mchoraji hajatuambia ni kipi kati ya hivyo kitashinda.

Tena kuna jambo ambalo Abu Shaqra alilijua vizuri, akiishi Tel Aviv: mmea huu ulikuwa umeshachukuliwa na upande wa pili. Tangu miaka ya 1930 Wayahudi waliozaliwa katika nchi ile, tofauti na waliohamia kutoka Ulaya, waliitwa sabra, jina lilelile la dungusi, kwa maelezo kwamba mtu wa hapa ana miiba nje na utamu ndani. Wao pia walikuwa na mtoto wao wa kuchorwa. Mwaka 1956 mchoraji wa katuni Kariel Gardosh, aliyetumia jina la Dosh, alimbuni Srulik, kijana mwenye kofia ya kitambaa na makubadhi, akawa sura ya sabra na ya nchi changa. Dosh mwenyewe alizaliwa Budapest na kunusurika mauaji ya Wayahudi. Ukiwaweka Srulik na Handala kwenye meza moja, una watoto wawili wa wino waliochorwa na watu wawili waliopoteza makwao, wakiwa na miiba ya nchi ileile. Mmoja anakutazama. Mwingine amekupa mgongo. Na mmea unaowashuhudia wote wawili ulitoka Meksiko.

Sasa nieleze ile sababu ya Kiswahili chetu cha nyumbani, kwa maana ndiyo iliyonifanya niirudie insha hii badala ya kuomba mada nyingine.

Bibi yangu mzaa baba, nyogokuru, alivuka mto Akagera mwaka 1961 akiwa mke kijana, akakaa Karagwe, Tanzania, zaidi ya miaka 30. Watoto wake walizaliwa huko na kusoma huko. Walirudi Rwanda baada ya Julai 1994, wakirudi katika nchi ambayo yeye aliikumbuka na wao hawakuijua, na ambayo ilikuwa imetoka tu katika mauaji ya kimbari. Kiswahili kilirudi nao kwenye mizigo.

Nilipokuwa sekondari nilimsindikiza siku moja kwenda kuona kilima alikotoka, upande wa Kibungo. Hakukuwa na nyumba, na hakuitarajia. Alitembea polepole kwenye shamba la migomba la watu wengine mpaka akafika kwenye mstari wa imiyenzi, ambayo kwa Kiswahili nimesikia ikiitwa minyaa: vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, vyenye utomvu mweupe. Kwetu ndiyo ua wa nyumba tangu zamani. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinaota. Mistari ilikuwa imekatika, vijiti vingine vimekuwa miti mirefu, lakini kona moja ilikuwa bado inaonekana. Nyogokuru akasimama kwenye ile kona akageuka.

"Mlango ulikuwa huku," akaniambia. "Usikanyage hapo, mwana wanjye, hapo ni jikoni."

Nilikuwa nimesimama juu ya maharage ya mtu. Nikasogea.

Nilimuuliza, kwa ujinga wa umri ule, kwa nini tusiidai ardhi hiyo wakati alama iko wazi namna hii. Hakunijibu. Jibu nilikuja kulisoma baadaye darasani: makubaliano ya Arusha ya 1993 yalipendekeza kwamba wakimbizi waliokaa nje zaidi ya miaka 10 wasidai mali ambayo watu wengine wameshaikalia, kwa ajili ya amani, na serikali iwatafutie mahali pengine. Ninaielewa sababu yake. Yule mama aliyekuwa akilima pale naye alikuwa na watoto, na alitukaribisha maji. Lakini ninaelewa pia kwamba ule ua ulisema kweli, na ukweli wake haukumrudishia mtu chochote.

Sifananishi historia mbili. Rwanda si Palestina. Waliokimbia, waliobaki, waliorudi na waliokufa kwetu wana habari zao, na mtu anayezichanganya anazidhulumu zote mbili. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kabla ya siku ile nisingejua kuutazama ua kama maandishi. Baada ya siku ile, nilipokutana na dungusi za Palestina kwenye karatasi, nilipaswa kukumbuka uso wa nyogokuru pale kwenye kona, ambao haukuwa uso wa mtu mwenye matumaini wala wa mtu aliyeyakosa. Alikuwa akihakiki tu kwamba hakuota. Badala yake nikaandika kurasa nne za matumaini, kwa sababu ndivyo insha za alama zinavyoandikwa.

Kuna mchoraji mwingine anayekaribia sana jambo hili, naye ni wa ukoo uleule wa Abu Shaqra. Walid Abu Shaqra, aliyezaliwa 1946 na kufariki 2019, aliishi London miaka mingi akichora mashamba ya Umm al-Fahm. Alikwaruza mistari kwenye bamba la metali, tindikali ikaila, wino ukajaa kwenye mikwaruzo, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Ni kazi ya polepole inayohesabu kila jani. Katika michoro yake hakuna mtu. Kuna mawe, mizeituni, vijia, na dungusi, vyote vimeangaliwa kwa uangalifu wa mtu anayeandika orodha ya vitu vya nyumbani kabla ya kuhama. Haina sauti kubwa ya Handala, na pengine ndiyo maana haijulikani sana kwetu. Mimi ningeitetea. Kama ningetakiwa kumwonyesha nyogokuru mchoro mmoja tu kati ya yote niliyoyataja, ningemwonyesha mmoja wa Walid, na nadhani angeuliza mlango ulikuwa upande gani.

Wenzangu tuliposomeana rasimu zetu, rafiki kutoka Kenya alinipinga kwa jambo ambalo sikulifikiria. Kwao Laikipia dungusi ni balaa. Ililetwa na wazungu kama ua na pambo, ikaenea kwenye malisho, na miiba midogo ya matunda yake huumiza midomo na macho ya mbuzi na kuwamaliza. Huko ustahimilivu wa mmea huu ni habari mbaya, na katika muongo uliopita walimleta mdudu mdogo anayefyonza maji yake ili kuupunguza. Alikuwa na haki. Miiba haina maana yake yenyewe. Inategemea nani aliupanda ua, na nani aliondolewa ndani yake.

Na mdudu huyohuyo, bila kupelekwa na mtu kwa kusudi hilo, alionekana kaskazini mwa Israeli karibu mwaka 2013. Amevuka mpaka wa Lebanoni, ameenea Galilaya na kwingineko. Dungusi aliyoishambulia hufunikwa na kitu cheupe kama pamba, kisha mashina yanalegea na kuanguka. Ua ambazo vita na matrekta havikuziondoa kwa zaidi ya miaka 60 zinakufa kwa mdudu asiyefikia ukubwa wa punje ya mtama. Watafiti wamejaribu kuleta wadudu wengine wanaomla huyo. Kwa sasa, mahali ambapo mstari wa kijani umeshaanguka, wanaotaka kujua kijiji kiliishia wapi wanabaki na ramani za zamani, wazee wachache, na karatasi za watu kama Walid.